Kupanga Mapumziko ya Siku Mbili Kutoka Mbeya Mjini

Anza kwa kuchagua msimu, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini hazina hali ya hewa ya kuchezea. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua hunyesha kwa wingi, hasa upande wa Rungwe, na njia za msituni huwa telezi, ilhali Juni na Julai ni mikavu lakini baridi ya usiku huuma kwelikweli. Anayetaka maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo hana budi kuvumilia mvua, kwa sababu huchanua katika miezi hiyo hiyo ya masika.

Kwa safari ya kwanza napendekeza Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya kreta ya volkano kando ya barabara ya Tukuyu. Ondoka alfajiri kwa daladala, shuka kijijini, lipa kiingilio cha hifadhi ya msitu, kisha mchukue kijana mwenyeji akuongoze, kwa maana vijia hugawanyika na ukungu hushuka ghafla. Ukifika ukingoni, tosheka na kulitazama ziwa kutoka juu; mteremko wa kuelekea majini ni mkali mno.

Lala Tukuyu. Kesho yake nenda Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliovuka Mto Kiwira.

Beba sweta nzito, koti la mvua, viatu vyenye meno, maji na fedha taslimu. Ndizi na maparachichi utayapata njiani.