Pezi la ubao wa mawimbi: shina gumu, ncha laini

Pezi la chini ya ubao wa kutelezea mawimbini likipinda sawasawa kutoka juu hadi chini halifai. Shina (sehemu inayoshikana na ubao) likilegea, ubao huyumba kwenye kona. Katika miaka ya 1960 George Greenough wa California, mtelezaji mawimbi na mbunifu wa mbao, aliiga mikia ya samaki: shina nene lisilotikisika, ncha nyembamba inayopinda na kurudi.

Ili kulitengeneza, paka nta kwenye bamba la kioo, kisha tandika vitambaa vya faibaglasi vya gramu 200 kwa mita ya mraba, ukivilowesha rezini (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu). Tabaka 40 hivi hutoa milimita 9 au 10. Usizitandike zote kwa mpigo: rezini hujipasha moto, na bamba nene hupasuka au kujikunja. Weka kumi, zipoe, endelea. Nyuzi zinazokwenda shina hadi ncha huzuia kupinda; zilizolazwa kwa pembe ya digrii 45 huzuia kujisokota. Changanya, ila nyingi ziwe za urefu.

Kata umbo, vaa barakoa (vumbi lake ni baya kwelikweli), punguza unene kwa grainda. Tabaka zitajitokeza kama mistari ya ramani ya mlima. Mistari ikipinda vibaya, umesaga upande mmoja zaidi.

Nenda polepole karibu na ncha. Ugumu hufuata kipeo cha tatu cha unene: ukipunguza unene nusu, ugumu hubaki sehemu moja ya nane.

Bana shina kwenye jiliwa, ning'iniza kilo 2 kwenye ncha, pima imeshuka milimita ngapi. Ubao ukiwa na mapezi mawili ya pembeni, vipimo vyake vilingane. Lililo gumu zaidi ndilo lisagwe.