SOMO: Kusoma Biblia kila siku bila kuishia njiani

Bwana Yesu asifiwe. Kila Januari ni swali lilelile: "Mtumishi, nianzie wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Someni hadi mwisho ndipo muulize.

1. Chagua saa. Iambatanishe na jambo unalolifanya kila siku, mfano chai ya asubuhi.

2. Ukisomea kwenye simu, zima data.

3. Tafsiri ya Union Version ya 1952 ndiyo tuliyokaririshwa Sande skuli, lakini kwa anayeanza, tafsiri ya Habari Njema inasomeka kirahisi zaidi.

4. Anza na Marko, sura moja kwa siku. Ziko 16 tu. Wanaoanzia Mwanzo wananogewa hadi Sinai, kisha kuanzia Kutoka 25 ni dhiraa, mapazia na vitanzi. Kwa sura tatu kila siku, mwisho wa Januari uko Walawi, na Februari Biblia imerudi kabatini.

5. USILIPE VIPORO. Hapa ndipo wengi wanapofia. Umeuguliwa, hukusoma siku tatu. Ratiba ya sura tatu inakudai tisa, na za leo zinafika kumi na mbili. Unazisoma mbio, macho yanapita juu ya maneno. Kesho unaingiliwa na msiba, deni linakua, na mwishowe unaikwepa Biblia kama unavyokwepa duka la Mangi mwisho wa mwezi. Dawa ni kufuta tarehe zote kwenye ratiba. Weka alama ulipoishia, hata kama ni wiki mbili zilizopita, na endelea hapohapo.

Onyo: programu ya simu inayokuhesabia siku mfululizo, izime hesabu hiyo. Ikikatika unajiona umeasi, kumbe ulikuwa hospitali na mgonjwa. Onyo la pili: usihamie ratiba mpya kila unapokwama. Utaijua Mwanzo 1 hadi 3 kwa moyo, na basi.

6. Andika sentensi moja daftarini: aya iliyokugusa, au swali. Omba kwa aya hiyohiyo.

MASWALI

Mgeni: Ubarikiwe mtumishi. Sasa mimi nianzie wapi?
— Namba 4.

Kijana wa kwaya: Sura moja kwa siku ni uvivu. Mimi namaliza Biblia kila mwaka.
— Hongera. Vitabu 66 vina sura 1,189. Tatu kila siku na tano Jumapili zinatosha kumaliza. Wewe huna tatizo, somo hili halikukuhusu.

Mama wa genge: Mwanangu, saa kumi na moja alfajiri niko sokoni. Hiyo saa ya utulivu naitoa wapi?
— Shikamoo mama. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka; utulivu haikuudai. Biblia ya kusikiliza kwa Kiswahili ipo, mtoto akupakulie. Au shika Zaburi 23, aya sita tu, moja kwa siku huku unapanga nyanya.

Mkatoliki: Nafuata masomo ya misa ya kila siku. Yanafaa?
— Sana. Injili za Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu: hasa Mathayo, Marko, kisha Luka. Nakuongezea moja: fungua sura nzima, maana somo mara nyingi huruka aya.

Mdadisi: Walawi basi tuiache?
— Swali zuri, ndugu. Usiiache, ichelewe. Soma kwanza Waebrania 9 na 10, kisha Walawi 16, siku ya upatanisho. Ukitoka hapo zile damu na mbuzi zina maana. Halafu 19:18. Aya hiyo umeshakutana nayo kwenye Marko 12:31, Yesu anaitaja.

Mgeni: Nimekosa siku nne, nizisome zote leo?
— Namba 5. Imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mdadisi: Kalamu ya kupigia mstari imepenya, Warumi yangu imelowa kurasa mbili. Mnatumia nini?
— Penseli za rangi za watoto wa shule. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, wino haufai.

Mama wa genge: Na usiichonge sana ncha, inachana.