Vayoleti za porini kwenye kichombo kidogo: kuzitambua, kuzichuma na kuzitunza

Kwa walio Uingereza na nchi jirani za Ulaya, vayoleti yenye harufu huchanua kati ya mwisho wa Februari na Aprili, wakati bustani nyingi bado ni tupu. Vikonyo 15 hadi 20 vinatosha kunukisha meza ndogo. Kazi iko katika kuipata iliyo yenyewe na kuizuia isinyauke kabla ya jioni.

Hatua ya 1: Hakikisha ndiyo yenyewe

Unayoitafuta ni *Viola odorata*. Hupenda kivuli chepesi na udongo usiokauka: chini ya wigo wa vichaka, pembezoni mwa msitu, kwenye viwanja vya makanisa ya zamani. Mara nyingi ipo *Viola riviniana* papo hapo, inafanana nayo sana lakini haina harufu. Usitegemee rangi, kwani *odorata* huwa ya urujuani iliyokolea, na mara nyingine nyeupe kabisa. Fuata kikonyo hadi chini. Cha *odorata* huchomoza kwenye kitako cha mmea, karibu na ardhi. *Riviniana* hubeba maua yake juu ya shina lenye majani. Kisha geuza ua utazame sepali, vile vijani vidogo vya nyuma: za *odorata* zina ncha butu, za mwenzake zimechongoka.

Sasa nusa. Harufu ikitoweka baada ya kunusa mara mbili tatu, ua halina kosa. Ayononi, kemikali iliyomo katika harufu hii, huzizima kwa muda fahamu za pua. Geuka pembeni, pumua, rudi tena.

(Ile inayoitwa vayoleti ya Afrika, yenye asili ya milima ya Usambara, ni ya ukoo mwingine kabisa na hainukii. Usiitumie kwa kazi hii.)

Hatua ya 2: Chuma asubuhi

Nenda na kikombe chenye maji. Bana kikonyo chini kabisa kwa kucha, upate urefu wa sentimita 6 hadi 10. Chagua maua yaliyofunguka karibuni. Chuma machache katika kila kichaka, maana nyuki wa mwanzo wa msimu wanayategemea, na ongeza majani matano au sita. Usichume katika hifadhi. Kung'oa mmea na mizizi bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1981 ya wanyamapori na mashambani.

Hatua ya 3: Zamisha

Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo maua huwafia. Vayoleti hunywa maji kwa petali pia; kikonyo chembamba peke yake hakitoshi. Laza maua na majani ndani ya bakuli la maji baridi, yazame kabisa kwa dakika 30 hadi 60. Yatoe, yakung'ute taratibu, kisha yasimamishe kwenye maji ya kina, mahali penye baridi na giza, kwa saa moja.

Hatua ya 4: Funga na upange

Shika maua mkononi vichwa vikiwa sawa, zungushia majani kama kola, funga kwa uzi bila kukaza. Uzi ukikaza, vikonyo husagika na maji hayapandi. Sawazisha ncha kwa mkasi mkali.

Chombo kiwe na mdomo wa sentimita 2 au 3: kikombe cha yai, chupa ya wino, hata kikombe kidogo cha kahawa. Kwenye gilasi pana maua hutawanyika na vichwa huzama. Jaza maji karibu na ukingo, kwani vikonyo ni vifupi na maji yakipungua kidogo tu huachwa juu.

Hatua ya 5: Kila siku

Badilisha maji na uyanyunyizie maua ukungu wa maji. Yaweke mbali na kipasha joto na bakuli la matunda. Ndizi na matufaha hutoa gesi ya ethilini inayoyazeesha. Yakilegea, rudia kuzamisha. Usiku yaweke kwenye dirisha lenye baridi, nayo yatadumu siku tatu hivi.

Baridi huifungia harufu, kwa hiyo yalete mezani nusu saa kabla ya wageni, karibu kabisa na mahali watakapokaa.