Kulinda mtaa wakati wa kiangazi: anza na kitabu, rungu lisubiri

Mvua za Novemba zikishakata hapa Busia, upande wa Uganda mpakani na Kenya, mambo matatu huja pamoja. Joto linawafanya watu walale madirisha wazi. Shule zinafungwa, vijana wanajaa mtaani hadi Februari. Halafu Krismasi inakaribia, familia nzima inapakia kuku na mchele kwenye bodaboda kwenda kijijini, na nyumba inabaki na kufuli peke yake. Wezi wanaijua kalenda hii kuliko sisi.

Mimi ni difensi, yaani yule mjumbe wa kamati ya LC1 (baraza la kijiji au mtaa) anayeshika mambo ya usalama, tangu uchaguzi wa Julai 2018. Kabla ya hapo kura ya LC1 ilikuwa haijapigwa kwa miaka 17, kwa hiyo wengi wetu tuliingia kazini bila wa kutuonyesha njia. Haya ninayoandika nimeyajua kwa kukosea. Kama uko Jinja, Mbale au Arua, geuza panapohitaji kugeuzwa.

Hatua ya 1: Mapema, kaa na chemani na polisi

Usingoje mtu aibiwe. Mvua ikiwa bado inanyesha, mwombe chemani, yaani mwenyekiti wa LC1, aite mkutano wa wakazi, na mualike ofisa wa polisi anayehusika na jamii. Mkutano uchague walinzi wa kujitolea, majina yaandikwe, nakala moja ibaki kituoni. Kikundi cha watu wenye fimbo usiku ambacho polisi hawakijui hakina tofauti na genge, na siku mambo yakiharibika mtajibu wenyewe.

Jihadhari pia na jina mtakalojiita. Kuna kijana alipendekeza "mayumba kumi", akidhani ni jina zuri la Kiswahili. Mzee mmoja akasimama, akachukua kofia yake, akaondoka. Mfumo huo wa kila nyumba kumi kuwa na kiongozi wao ulitufikia kutoka Tanzania baada ya Amin kuondolewa 1979, na kwa watu wa rika lake jina hilo lina harufu ya jirani anayekuchongea. Sisi tukajiita "zamu" tu.

Hatua ya 2: Andika kitabu

Hapa ndipo watu wengi hukimbia haraka, na hapa ndipo ningekuomba ukae.

Kiangazi changu cha kwanza tulianza na marungu na tochi. Usiku wa pili, kama saa tisa, tukamkuta mwanaume anapita nyuma ya mizigo, vile vyumba vya kupanga vya safu moja. Tukamuuliza anatoka wapi. Akajibu kwa lafudhi ambayo hatukuizoea. Kabla hajamaliza kusema, mmoja wetu alikuwa amekwisha kumpiga. Kumbe ni mpakiaji wa malori pale mpakani, amehamia wiki tatu zilizopita, anarudi kulala. Mkono ulivunjika. Mwenye nyumba alikuwa anamjua, mke wa jirani alikuwa anamjua, sisi walinzi hatukumjua. Gharama za hospitali tulichangishana, na aibu haikuchangika.

Asubuhi yake nilinunua daftari kubwa la jalada gumu. Lina safu tano: jina, chumba na mwenye nyumba, simu, anatoka wapi, na saa zake za kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Nikijua nani anarudi saa tisa usiku, huyo namsalimia kwa jina, na nguvu zangu nazibakiza kwa nisiyemjua. Katika mtaa wa mpakani, watu wanaotembea usiku kwa haki ni wengi: wapakiaji, madereva, mama wanaokwenda kungojea nyanya zishuke kwenye lori.

Namna ya kukijaza: pita na mwenye nyumba mwenyewe, mchana, Jumapili baada ya ibada. Mpangaji mpya aletwe kwa chemani ndani ya wiki, na barua kutoka LC ya alikotoka kama anayo. Asiyekuwa nayo usimfukuze, mwandike. Kabila usiulize. Na kitabu kikae kwa katibu, kisizurure. Tuliwahi kukuta kijana anakili namba za simu za wasichana, tangu hapo kinafungiwa sandukuni.

Hatua ya 3: Tembea mtaa mara mbili

Mara moja mchana, mara moja usiku bila mwezi, na mchukue mama mmoja au wawili muende nao. Wanaume tulitaja sehemu nne za hatari. Mama tuliyekwenda naye alitaja tisa, ya kwanza ikiwa njia ya kisima cha pampu. Wakati wa kiangazi foleni ya maji ni ndefu, kwa hiyo wasichana wanatoka na jerikeni saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Tulifyeka ua wa mnyaa pale kwenye kona, tukafunga taa moja ya sola, na walinzi wa usiku wakapewa kazi ya kumalizia kisimani badala ya kurudi kulala. Hakuna kitu tulichofanya kilichopongezwa kama hicho, na kilikuwa rahisi kuliko vyote.

Angalia pia nyumba zisizokwisha kujengwa. Mwenye kiwanja aandikiwe barua azibe milango kwa mbao.

Halafu madirisha. Mwaka mmoja tuliokota fimbo ya mwizi kwenye majani: mwanzi mrefu kama urefu wa mtu na nusu, mwishoni spoku ya baiskeli iliyopindwa kama ndoano, imefungwa kwa mpira wa tyubu. Anaisukuma kupitia nondo za dirisha, anavuta suruali kwenye kiti, simu na pesa zikiwa mfukoni, wewe unakoroma. Waambie watu wasilale kwenye joto kwa ajili ya mwizi, ila wapigilie wavu wa waya kwenye dirisha na nguo waziweke upande wa pili wa chumba.

Hatua ya 4: Zamu na firimbi

Watu wanne kwa usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja na nusu, kila mtu usiku mmoja kwa wiki. Usimpe mtu usiku miwili, ataanza kulala. Tulichangishana shilingi 2,000 kwa nyumba kila mwezi kwa betri, chai na firimbi. Hesabu ibandikwe mahali watu wanapopita, la sivyo mwezi wa pili hutapata hata mia.

Firimbi ina lugha yake, na mtaa mzima uifundishwe. Mlio mmoja mrefu maana yake: washa taa, simama mlangoni kwako. Milio mitatu mifupi: njoo. Tulipoanza, kila mtu alikuwa anakimbilia kelele ilipo, na mwizi anapita katikati yao akipiga kelele "mwizi! mwizi!" pamoja nao. Sasa waliokaa pembeni ya mtaa hawakimbii, wanasimama kwenye njia za panya na kungoja.

Kuhusu simu: polisi ni 999 au 112, bure. Ila huku mpakani simu yako inaweza kunasa mtandao wa Kenya bila wewe kujua, ukapiga ukajikuta unaomba msaada ng'ambo. Andika namba ya moja kwa moja ya kituo chenu ndani ya jalada la kitabu, na kila mlinzi aiweke kwenye simu yake kabla ya zamu ya kwanza.

Hatua ya 5: Mkikamata mtu

Hii hatua isome mkutanoni kwa sauti, siku ya kwanza. Usiku wenyewe hakuna atakayekusikiliza.

Sheria inamruhusu raia kumkamata anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga, kumvua nguo, kumletea tairi la kumchomea, hayo ni makosa ya jinai, na mtu akifa ni mauaji hata kama mkononi alikuwa na televisheni yako. Kwa vitendo tunafanya hivi: wawili wanamshika, wawili wanageuka na kuwatazama watu badala ya kumtazama mwizi, na mmoja anapiga simu. Wa kuwatazama watu wawe wazee au akina mama. Kijana hawezi kumwambia kijana mwenzake "rudi nyuma". Mama mwenye khanga akisema "mwanangu, weka hilo jiwe", linawekwa.

Manung'uniko utakayoyasikia ni kwamba polisi watamwachia kesho yake. Yana ukweli wake, na yanatibika kwa kazi. Katiba inasema mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kama hakuna aliyekwenda kuandika maelezo, saa zikiisha anatoka. Kwa hiyo aliyeibiwa na walinzi wawili waende kituoni asubuhi ileile, na kitu kilichokamatwa kiende nao. Dhamana ya polisi haina malipo, na mwambie kila mtu hivyo.

Likizo hii wengi mtakaowakamata ni watoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto inaipa mahakama ya LC ya kijiji uwezo wa kusikiliza makosa kama wizi na uvamizi wa mali. Haiwezi kumfunga. Inaweza kuamuru suluhu, fidia, kurudisha mali au kuomba radhi. Mwaka juzi mvulana aliyeiba mbuzi alimrudisha na kumchotea mwenye mbuzi maji kwa wiki mbili. Huyo mwenye mbuzi alikuwa anataka damu, akaishia kumpa chakula cha mchana.

Hatua ya 6: Nyumba za waliosafiri

Aende kijijini akiwa amemwambia jirani mmoja na difensi, siyo akiwa ameweka picha ya basi kwenye simu yake watu wote waione. Nguo moja iachwe kwenye kamba, jirani aibadilishe. Taa ya nje iwashwe jioni na izimwe asubuhi; taa inayowaka mchana kutwa inasema hakuna mtu. Sisi tunaweka alama ya penseli kwenye kitabu na walinzi wanaigusa kufuli ya nyumba hiyo kila mzunguko, wanaigusa kwa mkono, kuitazama kwa mbali hakutoshi.

Shule zikifunguliwa Februari, futa alama za penseli, kata majina ya waliohama, soma hesabu ya pesa mbele ya watu. Na firimbi zote zikusanywe siku hiyohiyo. Mwaka mmoja tulizisahau, watoto wakachezea mpira nazo hadi Machi, na usiku ilipolia ya kweli hakuna aliyeamka.