Somo: Piza ya sufuria na vitafunwa vya siku ya mechi, kwa jiko la mkaa

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniomba somo hili tangu ligi ilipochangamka, na nimeona niliandike kwa kirefu ili kila mtu apate pa kuanzia.

Sisi wa Kigoma mpira umetufikia mlangoni. Mashujaa FC walipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Uwanja wa Lake Tanganyika ulishapokea fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga, Julai 2021. Siku ya mechi kubwa, nyumba yenye televisheni inajaa ndugu, majirani na watoto wa mtaa mzima. Na kinacholiwa karibu kila mahali ni kile kile: chipsi, sambusa, soseji za kukaanga, soda juu ya soda. Macho yako kwenye kioo, mkono uko kwenye sinia, na mtu anakula saa mbili mfululizo bila kujua amekula kiasi gani. Nyumbani kwetu kuna watu wazima wenye presha, ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito. Sitaki siku ya furaha iwe siku ya kuumiza watu wangu.

Piza yenyewe haina kosa. Mkate mwembamba, nyanya, mboga, samaki na jibini kidogo ni mlo kamili. Kinachoiharibu ni jibini la kurundikwa, nyama za kusindikwa zenye chumvi nyingi, na soda ya kuisindikizia. Ukiipika mwenyewe, vyote hivyo unavipima kwa mkono wako. Na tanuri la umeme halihitajiki.

HATUA YA 1: UNGA

Kwa piza 3 za upana wa sentimita 25 hivi, zinazotosha watu 8 pamoja na vitafunwa vingine:

Unga wa atta gramu 300
Unga mweupe wa ngano gramu 200
Hamira kavu kijiko 1 cha chai
Chumvi kijiko 1 cha chai, cha kufuta
Mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula
Maji ya uvuguvugu mililita 330 hadi 350

Atta ina pumba, na pumba ndiyo nyuzinyuzi zinazomshibisha mtu mapema. Lakini pumba inakunywa maji polepole. Kwa hiyo changanya vyote, kisha funika uache dakika 20 kabla ya kukanda. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosema atta inatoa piza ngumu. Baada ya hapo kanda dakika 8 hadi 10, mpaka donge livutike bila kukatika haraka. Litanata vidoleni zaidi ya unga wa chapati, na hivyo ndivyo linavyotakiwa. Usiongeze unga kila linaponata, paka mkono mafuta kidogo tu.

Funika kwa kitambaa kibichi. Kwa joto la huku kwetu linaumuka kwa saa moja na nusu hivi. Likifika mara mbili ya ukubwa wake, gawa madonge matatu na uyapumzishe dakika 15 tena.

HATUA YA 2: ROJO LA NYANYA

Nyanya 6 zilizoiva sana, kwaruza kwenye kikwaruzo, ganda ubaki nalo mkononi ulitupe. Bandika na punje 3 za kitunguu saumu kilichopondwa na kijiko kimoja cha mafuta. Acha ichemke bila mfuniko mpaka maji yakauke kabisa na mwiko uache njia chini ya sufuria. Tomato ya chupa ina sukari na chumvi ndani yake, na nyanya zenyewe sokoni Mwanga zimejaa. Haina sababu.

HATUA YA 3: VYA JUU

Hapa ndipo Kigoma inapowashinda wengine. Chukua dagaa wetu. Nunua waliokaushwa juu ya chanja, siyo chini kwenye mchanga, maana mchanga ukishaingia hautoki hata uoshe vipi. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa, kisha wageuzegeuze kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka wawe wakavu na wa kuvunjika. Kamulia ndimu. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na madini ya chokaa kwa pamoja, kitu ambacho soseji haikupi. Mgebuka wa kuchoma uliochambuliwa miiba nao ni mtamu sana. Kwa wasiokula samaki, kuku wa kuchemsha aliyechanwa nyuzi.

Mboga: hoho, kitunguu maji kilichokatwa vyembamba, mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa kwa nguvu. Mboga yenye maji italowesha mkate.

Jibini, gramu 60 kwa piza moja zinatosha ukilikwaruza jembamba na kulitawanya. Ukilikosa, au bei ikikushinda, chemsha maziwa lita 2, zima moto, tia maji ya ndimu vijiko 4 au 5 vya chakula, koroga taratibu mara chache. Maziwa yakikatika, chuja kwenye kitambaa safi na uning'inize nusu saa. Hilo ni jibini bichi. Haliyeyuki na kuvutika kama la dukani, linabaki chembechembe laini, lakini chumvi yake ni ile uliyoitia wewe.

HATUA YA 4: KUOKA

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa bati. Mwaga ndani mchanga mkavu safi unene wa vidole viwili, panga juu yake mawe matatu madogo yanayolingana. Bandika kwenye jiko la mkaa, funika, palia makaa juu ya mfuniko, uache ipate moto dakika 15. Usitumie sufuria yenye rangi nyeusi ya kuzuia kunata. Haifai kuachwa kavu motoni.

Sukuma donge liwe jembamba, weka kwenye sinia dogo lililopakwa mafuta, uoke tupu dakika 5 au 6 kwanza. Tanuri la sufuria halina ukali wa tanuri la piza, ukiweka kila kitu kwa mara moja katikati itabaki mbichi. Toa, paka rojo, panga mboga, nyunyiza jibini, rudisha dakika 10 hadi 12. Dagaa waingie dakika 3 za mwisho, vinginevyo wataungua na kuwa wachungu.

Makaa mengi yawe juu, machache chini. Ukikosea hapo, chini inaungua na juu bado nyeupe.

Na jambo hili nalisema kwa msisitizo: oka nje au barazani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Mvua ikinyesha, fungua madirisha na mlango, na jiko lisiingizwe sebuleni hata kama mechi imenoga.

HATUA YA 5: VITAFUNWA VYA KUZUNGUKA

Sitaweka vipimo hapa, kila mmoja anajua mkono wake. Badala ya chipsi, kata viazi vitamu vipande virefu, chemsha dakika 5, changanya na kijiko cha mafuta na pilipili manga, uvioke kwenye sufuria ile ile baada ya piza. Mihogo ya kuchoma na ndimu. Karanga zilizokaangwa bila mafuta wala chumvi. Bisi kwa mafuta kidogo. Karoti na matango ya vijiti, na cha kuchovya: parachichi lililopondwa na ndimu, kitunguu na pilipili, au maharage yaliyochemshwa na kusagwa na kitunguu saumu na mtindi.

Kinywaji ndicho kinachowaponyoka wengi. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 hivi, yaani zaidi ya vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema itafaa zaidi kiafya sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Soda moja imeshavuka. Weka jagi kubwa la maji yenye vipande vya ndimu, tangawizi na majani ya mnanaa mezani tangu mwanzo, na soda usiinunue kabisa. Ikiwa ndani ya nyumba, itanywewa.

Mpangilio wa saa, tuseme mechi inaanza saa 11 jioni: unga ukandwe saa 8 mchana. Saa 10 na nusu vijiti vya mboga, karanga na cha kuchovya viwe mezani, watu waanze na hivyo wakiwa na njaa. Piza zitoke mapumziko, zile dakika 15. Watu wamekaa, wanatazamana, wanakula wakiona wanachokula. Kipindi cha pili sinia la bisi linatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ujiji): Shikamoo mama. Sisi huku mawese ndiyo mafuta yetu. Naweza kuyatumia badala ya alizeti?

Jibu: Marahaba mwanangu. Unaweza, na rojo la nyanya lenye mawese lina ladha ya kwetu kabisa. Ile rangi nyekundu ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini. Ila usiyachome mpaka yawe meupe kama wengi wanavyofanya, maana hapo vitamini yote inakufa. Na ukumbuke karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito yanayopandisha lehemu kwenye damu. Kijiko kimoja cha chakula kwa rojo lote, usizidishe.

Swali (Gungu): Dada, hamira yangu haifanyi kazi. Unga unabaki vile vile hata nikiusubiri mpaka jioni.

Jibu: Ijaribu kwanza, mdogo wangu. Weka kijiko cha hamira na chembe za sukari kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Dakika 10 zikipita bila povu, imekufa, nunua nyingine. Kama povu lipo, basi maji yako ya kukandia ni ya moto mno. Kidole kikishindwa kukaa ndani, na hamira itakufa humo. Vile vile hamira ikishafunguliwa ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kikali, unyevu unaiua.

Swali (Kasulu): Unga wa muhogo je? Tuna mwingi nyumbani.

Jibu: Peke yake hautafaa, hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa ya hamira, utapasuka tu. Changanya robo ya muhogo na robo tatu za ngano, utapata mkate mkavu kidogo wenye kingo za kuvunjika, na mimi naupenda. Uwe unga wa muhogo ulioloweshwa na kukaushwa vizuri, hasa kama ni muhogo mchungu, maana ule una sumu usipotayarishwa sawasawa.

Swali (Tabora mjini): Habari dada. Huku kwetu asali ndiyo yenyewe, na msimu wa mvua tuna uyoga wa porini. Vinaingiaje?

Jibu: Nawaonea wivu wa uyoga, kaka! Ukaange kwenye kikaango kikavu mpaka utoe maji yake yote na yakauke, ndipo uuweke juu ya piza na kitunguu. Lakini nunua kwa wale wanaoujua tangu kwa bibi zao. Uyoga usioutambua uache porini. Asali, kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya hamira kinatosha. Ni nzuri, ila mwilini bado ni sukari, usiitie kwenye kila kitu kwa sababu ni ya asili. Na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Swali (Mwanga): Mimi natumia gesi, mkaa nimeshauacha. Nifanyeje?

Jibu: Kwako ni rahisi zaidi. Kikaango kizito chenye mfuniko. Mkate uliosukumwa uweke moto mdogo dakika 3, ugeuze. Upande ulioiva ndio upake rojo na vingine, funika, dakika 6 au 7 jibini litalainika. Juu hapatakuwa na rangi ya kahawia, ladha iko pale pale.

Swali (Kibirizi): Mama, baba yetu ana kisukari na hakosi mechi hata moja. Tumnyime?

Jibu: Msimnyime, mwanangu, mtu akitengwa kwenye chakula anaumia, na mara nyingi anakwenda kula barabarani. Sahani yake nusu iwe mboga na kachumbari, robo samaki au kuku, robo iliyobaki ndiyo piza, na hiyo piza inachukua nafasi ya ugali wa jioni, siyo juu ya ugali. Viazi na mihogo siku hiyo avipishe. Dawa zake ale kwa saa zake, apime sukari kama alivyoelekezwa kliniki, na kiasi walichompangia huko ndicho cha kufuata kuliko neno langu.

Swali (Ujiji): Piza ikibaki, inalala?

Jibu: Ya mboga na dagaa ukiwa na friji inalala, asubuhi ipashe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa. Ya kuku isikae nje zaidi ya saa mbili kwa joto hili. Kama huna friji, oka mbili, na donge la tatu likande vizuri utoe hewa, ulisukume na kulichoma kama chapati. Mkate huo unalala bila shida na watoto wataondoka nao shule asubuhi.