Mtaro wa bahari unazaliwaje? Somo kwa sisi wa Goma

Sisi wa Goma tumezoea kuambiwa kwamba ardhi yetu inatanuka na kupasuka. Ndiyo maana wengi, wakisikia kwamba Pasifiki ina kilindi cha karibu mita 10,900, wanadhani na kule ardhi imepasuka. Sivyo. Kule bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine.

Hatua ya 1. Fungua ramani, tafuta Visiwa vya Mariana, mashariki mwa Ufilipino. Mabamba ya pale yanasogea sentimita chache kwa mwaka. Ganda la chini ya bahari ni la basalti, unene wake kama kilomita 7 tu.

Hatua ya 2. Hapa msipite haraka. Ganda hilo huzaliwa likiwa la moto, kwenye safu za milima iliyo chini ya maji. Likisogea mbali linapoa, linasinyaa, linazidi uzito. Linalofika Mariana lina zaidi ya miaka milioni 150. Bamba lenye ganda hilo limeshakuwa zito kuliko koti la dunia, yaani tabaka nene la mwamba wa moto lililo chini yake, kwa hiyo linazama. Wanafunzi hufundishwa kwamba mabamba yanagongana, basi. Maelezo hayo hayatoshi: kipande kilichokwisha kuzama ndicho kinacholivuta bamba zima lililobaki nyuma.

Hatua ya 3. Bamba haliwezi kushuka bila kujikunja. Linapojikunja, sakafu ya bahari inainama nalo, na pale yanapokutana mabamba mawili linabaki bonde refu, jembamba. Huo ndio mtaro. Jacques Piccard na Don Walsh walifika chini kabisa ya ule wa Mariana mwaka 1960, ndani ya chombo Trieste.

Hatua ya 4. Likifika kama kilomita 100 chini, bamba linatoa maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Maji hayo yanafanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke kwa urahisi, na volkano zinajipanga sambamba na mtaro.

Maswali

*Mwanafunzi, Himbi:* Mwalimu, basi volkano yetu ya Nyiragongo nayo ina mtaro wake?

Hapana, mwanangu. Huku ardhi inavutwa pande mbili. Mgandamizo unapungua, mwamba wa chini unayeyuka. Lava yetu ina silika (madini yanayoifanya lava iwe nzito) kidogo sana, ndiyo maana ilikimbia vile hadi mjini mwaka 2002. Volkano za kando ya mitaro kwa kawaida hutoa lava nzito, inayoziba njia ya gesi hadi mlima ulipuke.

*Mama mmoja, Bukavu:* Kwa nini mchanga wa mito haujazi mitaro hiyo?

Mama, mingine inajaa kweli. Kusini mwa Chile mtaro umefunikwa sana na mashapo. Kaskazini, mbele ya jangwa la Atacama, mvua karibu hakuna, mito haileti kitu, na mtaro unafika kama mita 8,000.

*Mzee, Bukavu:* Tetemeko la Februari 2008 lilituangushia nyumba. Ya mitaroni yanazidi lile?

Yanazidi sana, mzee wetu. Lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Mtaroni mabamba yanakwamana kwa mamia ya kilomita, miaka na miaka, kisha yanaachiana kwa mara moja. Chile mwaka 1960 ilikuwa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Sakafu ya bahari ikiruka hivyo inainua maji yote yaliyo juu yake, na tsunami ya siku ile ilivuka Pasifiki hadi Japani.