Mkate wa thomu: boflo nunua, siagi ponda mwenyewe

Wifi yangu wa Fuoni, hapa Unguja, hununua mkate wa thomu (kitunguu saumu) wa friza, ule unaokuja umeshapakwa siagi na kutiwa kwenye mfuko. Mimi wangu naufanya kwa boflo, ule mkate wa tanuri la kuni, na seredani, yaani jiko la makaa. Ramadhani ya juzi alikuja kufuturu kwangu, akala vipande vinne bila kusema neno, kisha akaniambia: "Wifi, wewe ukiulizwa huelezi, unacheka tu. Niandikie nisome." Basi haya, wifi, na wengine mnaosoma.

Niseme mapema kwamba siudharau mkate wa dukani. Una siku zake, na nitaeleza namna ya kuupasha vizuri. Ninachogombana nacho ni fikra kwamba mwenye kutaka wa nyumbani lazima akande unga, atie hamira, asubiri uumuke. Ya nini, na mabofulo yanapita mlangoni kwa baiskeli asubuhi na jioni? Mwenye tanuri la kuni amekushinda kwa mkate, mwachie kazi yake. Siagi ya thomu ndiyo usimwachie mtu.

Mimi nilijifunza jikoni Kiwengwa, kwenye hoteli ya wageni wa Kitaliano. Siku moja mgeni Muingereza aliagiza mkate wa thomu, na mpishi mkuu wetu, Mtaliano, akacheka mpaka akakaa kitako. Kwao hawana kitu hicho. Wao huchoma mkate, wakausugua kwa punje mbichi ya thomu, wakamwagia mafuta ya zaituni na chumvi. Huo ndio bruschetta, na watu wa Toscana wana jina lao, fettunta. Huu wa siagi ulikuzwa Marekani na Wataliano waliohamia kule. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba boflo si mkate wenyewe. Mkate wenyewe tangu mwanzo ni wa wageni waliotumia walichokikuta.

Hatua ya kwanza: boflo la jana

Chukua mabofulo mawili ya jana. La leo, lenye moto bado, lina unyevu mwingi ndani. Ukilipaka siagi linabonyea na kuwa kama kitambaa kilichorowa. La jana limekauka kidogo, linainywa siagi na bado linasimama.

Mkate wa slesi sikushauri. Mingi yake ina sukari, na sukari huungua haraka, kwa hiyo juu patakuwa peusi na thomu ndani bado mbichi. Halafu thomu na utamu wa chai ya maziwa havipatani, kwa mdomo wangu angalau.

Hatua ya pili: thomu, na hapa usiwe na haraka

Pale sokoni Darajani utakuta thomu za aina mbili: nyeupe, kubwa kubwa, zinazomenyeka upesi, na zile ndogo za Bara, kutoka pande za Mbulu, zenye punje nyembamba zinazochosha kucha. Hizi ndogo ni kali zaidi na harufu yake hukaa. Mimi huchukua hizo nikiwa na msaidizi wa kumenya. Nikiwa peke yangu nachukua kubwa, sijifanyi.

Kichwa kimoja kizima, punje nane mpaka kumi, kinatosha mabofulo mawili. Pasua kila punje katikati. Ukikuta chipukizi la kijani, litoe, ndilo linaloleta uchungu. Kisha tia kwenye kinu kidogo pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi ya chembe chembe, uponde mpaka iwe uji. Chumvi inasaidia kusaga na inazuia thomu isiruke nje ya kinu.

Ukishaponda, iache dakika 10. Punje nzima ya thomu haina ukali, inuse uone. Ukali unazaliwa pale unapoiponda: vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani ya punje vinakutana, na hapo ndipo ile harufu inapotokea. Ukiitia motoni papo hapo unaikatiza kabla haijamaliza.

Sasa igawe mafungu mawili. Fungu moja lipitishe kwenye kijiko kimoja cha kulia cha samli, moto mdogo kabisa, kwa dakika moja tu, mpaka harufu ibadilike na rangi isibadilike. Ikianza kuwa ya dhahabu umeshachelewa, maana itaendelea kuiva juu ya mkate na itakuwa chungu. Fungu la pili libakie bichi. Lililopikwa linaleta utamu, bichi linaleta ukali. Mkate wa dukani hauna hata kimoja cha hivi viwili, kwa sababu mara nyingi thomu yake ni unga uliokaushwa. Soma nyuma ya mfuko utaona.

Hatua ya tatu: siagi

Tunaita siagi kila kitu cha njano kilichomo koponi, lakini si kimoja. Siagi ya maziwa ina mafuta asilimia 80 au zaidi, na kilichobaki karibu chote ni maji. Siagi za kupaka za mafuta ya mimea, nyingine zina maji zaidi ya hayo. Maji hayo yakipata moto yanaupika mkate kwa mvuke badala ya kuukausha. Samli haina maji, ndiyo maana mkate wake unavunjika kwa sauti.

Changanya gramu 100 za siagi ya maziwa na vijiko viwili vya kulia vya samli, ukihesabu na kile ulichopikia thomu. Kwa joto letu siagi inalainika yenyewe juu ya meza, usiiyeyushe motoni, ikiyeyuka inazama yote chini ya mkate. Tia thomu mafungu yote mawili, kotmiri (majani ya giligilani) iliyokatwa ndogo ndogo, na pilipili manga kidogo. Onja. Ndimu usitie humu. Thomu ikikutana na ukali wa ndimu huweza kugeuka kijani au buluu. Haina madhara, ila wageni watakuuliza umeweka nini.

Hatua ya nne: kukata na kupaka

Kata boflo vipande vya unene wa kidole, lakini usifike chini, viwe vimeshikana kama kurasa za kitabu. Fungua kila kurasa, paka pande zote mbili. Kinachobaki paka juu.

Hatua ya tano: moto wa juu

Mwenye oveni ana kazi nyepesi: nyuzi 200, funga boflo kwa karatasi ya foili dakika 10, kisha ifungue uliache dakika 5 lipate rangi. Nimemaliza.

Wa seredani tukae vizuri. Kama unajua kupika mkate wa kumimina, unajua na huu, kwa sababu siri ni kupalia. Sufuria pana, nzito, ndani weka kisahani cha bati kilichofudikizwa ili boflo lisiguse chini. Funika kwa sinia au mfuniko bapa, makaa yapange juu yake. Chini acha makaa matatu manne yaliyoanza kuvaa jivu, juu yaliyobaki yote. Mara yangu ya kwanza nilifanya kinyume, nikatoa mkate mweupe juu kama sanda na mweusi chini kama sufuria yenyewe. Mama mkwe alikuwepo. Alikwangua chini kwa kisu, akala, akasema "alhamdulillahi", na ile alhamdulillahi bado naisikia.

Dakika 8 na foili, halafu ifungue, urudishe mfuniko, na usiondoke. Kutoka hapo ni dakika tatu au nne, na pua ndiyo saa yako. Harufu ikiwa tamu, tayari. Ikianza kuchoma pua, umeunguza.

Kwa wifi na friza yake

Kabla ya kununua, bonyeza mfuko. Vipande viwe vimeachana. Ukikuta vimegandana donge moja, na chembe za barafu zimejaa ndani, huo uliwahi kuyeyuka ukagandishwa tena. Kwetu umeme ukikatika friza za maduka nazo zinakatika, na sisi tuliokaa kizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhitaji kufundishwa friza isiyo na umeme inafanya nini. Uchukue mwisho kabisa kabla ya kutoka dukani, uvingirishe kwenye gazeti, na usipitie kwa shoga yako njiani.

Usiuyeyushe ukifika. Utoe kwenye friza uende moja kwa moja kwenye moto ulioshapata, vipande vilazwe vimeachana. Huna oveni, tumia kikaango kikavu, upande wenye siagi ukae juu kwanza, kisha geuza kwa nusu dakika tu. Kisha fanya kitu kimoja ambacho wenye kiwanda hawawezi kukufanyia: ukitoka motoni, chukua punje moja mbichi ya thomu, isugue juu ya kila kipande kama alivyokuwa akifanya yule mpishi wa Kiwengwa. Wifi, hapo utadhani umekuja kwangu.

Mkate wowote kati ya hii miwili unakwenda na supu ya pweza. Na mchuzi wa samaki wa nazi pia, uchovye. Kwenye urojo hapana, urojo umeshajaa vituko vyake.

Siagi ikibaki, itie kwenye kibakuli chenye kifuniko, iingie kwenye friji siku hiyo hiyo na uimalize ndani ya siku nne. Usiiache juu ya kabati hata kama haijanuka. Thomu mbichi iliyofunikwa na mafuta kwenye joto inaweza kuzalisha sumu isiyo na harufu wala ladha. Ukitaka ikae zaidi, igandishe vidonge vidonge kwenye kile kisahani cha barafu, na siku ukibanika pweza au ukichoma muhogo, toa kidonge kimoja, kitie juu kikiwa bado kigumu.